Mafua Ugenini: Tunayoyaamini Kuhusu Kununua Dawa, na Hali Ilivyo

Mtu wa Dar es Salaam anapobanwa na mafua hasumbuki sana: anamtuma mtoto dukani kwa Mangi, muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge viwili vya Panadol kutoka kwenye karatasi yake, na biashara imekwisha. Mazoea hayo ndiyo yanayotutia taabani tunaposafiri, kwa kuwa tunaondoka nyumbani tukidhani kwamba dunia nzima huuza dawa namna hiyo.

Dhana: Supamaketi yoyote ina dawa ya mafua.

Ukweli: Nchini Ujerumani parasetamoli, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya Panadol, haikai kwenye rafu ya supamaketi, wala katika yale maduka ya sabuni na vipodozi yaitwayo Drogerie, ambayo jina lake humdanganya mgeni akadhani amefika famasi, humo atapata chai za majani makavu, peremende za koo na maji ya chumvi ya kupulizia puani, basi. Vidonge vyenyewe viko Apotheke, yaani famasi, duka lenye herufi A kubwa nyekundu, na hata huko boksi lenye zaidi ya gramu 10, yaani vidonge 20 vya miligramu 500, halitoki bila cheti cha daktari. Ukiugua Jumapili, soma karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa Apotheke iliyo karibu nawe, ambayo hutaja duka lililo zamu siku hiyo. Ukifika huko usiku usitarajie kuingia ndani: unabonyeza kengele, mfamasia anafungua kidirisha kidogo mlangoni, mnaelewana papo hapo kwenye baridi huku pua ikichuruzika, na juu ya bei ya dawa unaongezewa euro 2.50 za huduma ya zamu. Ufaransa nako tafuta msalaba wa kijani wa famasi, maana supamaketi za huko haziuzi parasetamoli. Uingereza inakaribiana kidogo na kwetu, ila tangu mwaka 1998 boksi la supamaketi halizidishi vidonge 16, na kwa kawaida huuziwi zaidi ya maboksi mawili kwa mara moja. Lengo ni kupunguza madhara ya watu kumeza vidonge vingi kupita kiasi.

Dhana: Nikitaja Panadol nitaeleweka.

Ukweli: Panadol ni jina la biashara tu. Marekani dawa hiyo hiyo inafahamika zaidi kwa jina la Tylenol, na hata jina lake la kitaalamu hubadilika, kwani parasetamoli ya kwetu huko huandikwa asetaminofeni. Hili si suala la lugha pekee. Msafiri aliyemeza vidonge vyake vya nyumbani, kisha akanunua unga wa mafua wa kukoroga kwenye maji ya moto, huenda amekunywa dawa ileile mara mbili bila kujua, ilhali kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24 na kinachoumia kikomo hicho kikipitwa ni ini.

Dhana: Kilichofichwa nyuma ya kaunta ni dawa kali ya wagonjwa mahututi.

Ukweli: Marekani, dawa ya kuzibua pua yenye sudoefedrini iliondolewa kwenye rafu za wazi kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2006, kwa sababu wahalifu walikuwa wakiitumia kutengeneza methamfetamini, dawa ya kulevya. Unauziwa bila cheti cha daktari, lakini unaonyesha kitambulisho chenye picha, unaweka saini, na huruhusiwi kupita gramu 3.6 kwa siku. Inayobaki kwenye rafu mara nyingi ina fenilefrini, na hapa ndipo ninaposhangaa: mamlaka ya dawa ya nchi hiyo yenyewe ilipendekeza Novemba 2024 kwamba fenilefrini ya kumeza iondolewe katika dawa hizo kwa kuwa haizibui pua. Kwa hiyo anayeona aibu kuuliza kaunta huondoka na boksi lisilomsaidia.

Wapo pia wanaobeba amoksilini ya akiba. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi.

Dhana: Dawa niliyonunua kihalali nyumbani haiwezi kuniletea matatizo mpakani.

Ukweli: Japani hairuhusu msafiri kuingia hivi hivi na dawa yenye zaidi ya asilimia 10 ya sudoefedrini, na baadhi ya vidonge vya kawaida vya kuzibua pua huvuka kiwango hicho. Wafanyabiashara wetu waendao Dubai wawe waangalifu zaidi na dawa za maji za kikohozi zenye kodeini, dawa ya jamii ya afyuni, kwani katika Falme za Kiarabu kodeini inadhibitiwa, na msafiri huomba kibali cha mamlaka za huko kabla ya kupanda ndege, akiambatisha cheti cha daktari. Viungo hivyo huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa boksi. Vile vidonge viwili vilivyokatwa kwa mkasi havina boksi, na mara nyingi mkasi umepita katikati ya jina. Mkononi mwa ofisa wa forodha ni vidonge visivyojulikana.