Draiva ya kidhibiti cha RAID: kwa nini seva huanza kuwaka kisha hukwama

Draiva ya kidhibiti cha RAID ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kadi inayosimamia diski za seva. Kadi hiyo huchukua diski kadhaa, tuseme nne, ikazionyesha kwa nje kama diski moja. Wazo hilo la kuunganisha diski, liitwalo RAID, lilielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Mafundi wengi hapa Moshi hatukufundishwa kwamba seva ikiwashwa, diski hizo husomwa kwa njia mbili. Mwanzoni BIOS, programu ya kwanza kuamka seva ikiwashwa, huzisoma kwa msaada wa programu iliyomo ndani ya kadi yenyewe. Ndiyo maana menyu ya kuwashia hutokea vizuri na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, hupakiwa. Kerneli ikishashika kazi, njia ile ya BIOS haiitumii tena. Inataka draiva yake. Ikiikosa, kwake ni kama hakuna diski hata moja, na seva inagoma hapo hapo. Windows yenyewe huandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani diski ya kuwashia haifikiki.

Chukua ghala la kahawa ambalo mlinzi wake anasikia Kirombo tu, nawe umetoka pwani. Unahitaji mkalimani, lakini mkalimani amefungiwa humo humo ghalani. Draiva imehifadhiwa kwenye diski, na diski haifunguki bila draiva. Kwa Linux, dawa ya fumbo hili ni initramfs, kifurushi kinachopakiwa pamoja na kerneli kikiwa kimebeba draiva za lazima, kama megaraid_sas, mpt3sas au hpsa.

Basi seva ikigoma mara tu baada ya kusasishwa, mimi hushuku kifurushi hicho kabla ya diski. Huenda kilitengenezwa bila draiva, au toleo jipya limeacha kuitambua kadi ya zamani. Red Hat Enterprise Linux 8 ya mwaka 2019 iliacha kadi kadhaa kuukuu kwa namna hiyo.

Chagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya kuwashia. Ikiwaka, diski zinasomeka. Amri ya lspci -k itakuonyesha kadi na draiva inayotumika. Kisha tengeneza upya kifurushi cha kerneli mpya kwa amri ya dracut kwenye Red Hat, au update-initramfs kwa Debian na Ubuntu. Isipowaka, ingia kwenye menyu ya kadi, lakini utazame tu hali ya diski. Tafadhali usiguse chochote kinachosema kuunda upya au kuanzisha upya safu ya diski, yaani zile diski zilizounganishwa kuwa moja, kwa sababu hapo ndipo data hufutika.

Niliwahi kuitwa ofisi moja karibu na Mnara wa Saa. Kabla sijafika, mtu alikuwa ameshaiunda upya safu, na hesabu za miaka mitatu zikaondoka nayo. Nilizipima diski zote nne moja moja. Zilikuwa nzima.