Kitabu cha Kwenye Kifaa: Ulicholipia ni Kipi Hasa?

"Nimekilipia, basi ni changu."

Hapa ndipo wasomaji wengi wa vitabu vya kidijitali wanapokosea, nami nilikosea kwa muda mrefu. Unapobonyeza "nunua", mara nyingi unachopata ni leseni ya kukisoma kitabu, na leseni ina masharti yake. Julai 2009, duka la mtandaoni la Amazon lilifuta kwa mbali nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea vitabu) za wateja, kwa kuwa aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Fedha zilirudishwa na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi. Lakini mwanafunzi mmoja wa sekondari Marekani alikwenda mahakamani: maelezo aliyoyaandika alipokuwa akisoma yalibaki, ila kitabu yalichokihusu hakikuwepo tena, kwa hiyo hayakuwa na maana. Mimi huandika sana ninaposoma, na hasara hiyo naielewa kuliko ile ya fedha.

Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu. Hata vilivyokwisha kulipiwa vikaacha kufunguka, na wateja wakarudishiwa fedha zao. Tangu Januari 2025, sheria ya California inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali za namna hii asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni. Naiona ni sheria ya haki, na ilichelewa.

"Faili ni faili, itafunguka popote."

EPUB ndio muundo wa faili za vitabu unaokubalika kwenye vifaa vingi vya kusomea, vile vya Kobo vikiwemo. Kindle ina miundo yake. EPUB unaweza kuituma kwenye Kindle kwa huduma ya Amazon ya kutuma nyaraka, nayo hubadilishwa njiani. Hilo ni dogo. Kizuizi chenyewe ni kufuli ya kidijitali inayokifunga kitabu kwenye akaunti yako, na ndiyo inayokunyima kumwazima rafiki kitabu au kukiuza ukishakimaliza. Februari 2025 Amazon pia iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta kutoka tovuti yake na kuvihamishia kwenye Kindle kwa waya, njia ambayo wengi waliitegemea kuweka nakala za akiba.

Kwa vitabu visivyo na kufuli, programu ya bure ya Calibre inatosha kabisa. Inapanga maktaba, inasahihisha majina ya waandishi, inabadilisha miundo.

"Nikikifuta, kimepotea."

Inategemea umekifuta wapi. Kukiondoa kwenye kifaa kunapunguza mzigo tu, na unaweza kukipakua tena. Kukifuta kwenye akaunti ni jambo jingine: ukikitaka tena, huenda ukalipa upya. Soma ujumbe wa kuthibitisha kabla ya kubonyeza.

"Betri imekufa, kifaa kibovu."

Kioo cha wino wa kielektroniki hutumia umeme hasa ukurasa unapobadilika, ndiyo maana chaji moja hudumu kwa wiki kadhaa. Ila ukipakia vitabu mia kwa mkupuo, kifaa hupitia maneno ya kila kimoja kutengeneza faharasa ya kutafutia, na chaji hushuka haraka. Kiache kwenye umeme usiku kucha kabla hujalalamika.

"Hakuna karatasi, kwa hiyo bei lazima iwe ndogo sana."

Karatasi na uchapaji ni sehemu tu ya gharama. Mwandishi, mhariri na msanifu wanalipwa vilevile. Bei yenyewe hainiudhi. Kinachoniudhi ni kutozwa karibu sawa na kitabu cha karatasi halafu nisiweze kukiazima.

Hata hivyo sijarudi kwenye karatasi pekee. Macho yakichoka nakuza herufi, na safarini nabeba maktaba nzima mkononi. Vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha navichukua Project Gutenberg, mradi ulioanza mwaka 1971 na wenye vitabu zaidi ya 70,000, bure na bila kufuli. Hivyo nimevinakili kwenye kompyuta na kwenye diski ya akiba, na hakuna duka litakalovifuta.