Je, wajua? Serikali inapolipia malezi ya nyumbani, nyumba hiyo ni ya nani?

Kwa miaka kadhaa niliamini, na nikawaeleza wengine bila hata kupepesa macho, kwamba Finland humlipa mama mshahara ili abaki nyumbani alee mtoto. Nilikosea mara mbili. Kwanza si mshahara bali ni ruzuku, na pili si lazima awe mama. Mzazi anaweza kushinda kazini, mtoto akabaki na bibi yake, na hela zikaendelea kuingia. Sharti kubwa ni kwamba mtoto awe chini ya miaka 3 na asiwe anatumia nafasi katika kituo cha kulelea watoto cha manispaa.

Chukua mfano wa harusi. Umealikwa, na sahani yako imeshahesabiwa. Ukituma ujumbe kwamba huji, wenye shughuli wanakurudishia sehemu ya gharama ya sahani ile. Hawakuulizi huko uliko utapikiwa na nani, wala kama utashinda na chai kavu. Nchini Finland, tangu 1990 kila mtoto wa umri huo amehesabiwa sahani, maana ana haki ya kupewa nafasi ya malezi ya umma. Ruzuku, ambayo sheria yake ni ya 1985, ndiyo marejesho ya asiyekuja. Kiwango cha msingi kwa mtoto mmoja kimekuwa karibu yuro 380 kwa mwezi kabla ya kodi, na baadhi ya manispaa huongeza chochote juu yake. Usidhani ni ukarimu mtupu: sahani isiyopakuliwa ni nafuu kwa mpishi.

Mfano wangu unachechemea mahali pamoja, kwa sababu kukosa harusi hakumtoi mtu kazini. Tafiti za huko zimeonyesha kwamba ruzuku inaponona, akina mama huchelewa zaidi kurudi kwenye ajira. Kuhusu watoto wenyewe, kama wanafaidika au wanapunjika, ushahidi ni mwembamba kiasi kwamba nisingeapa kwa upande wowote.

Ujerumani ilijaribu kitu kama hicho mwaka 2013, na wapinzani wakakibandika jina la "zawadi ya jiko". Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ikakifuta. Mimi nilidhani majaji walichukizwa na wanawake kurudishwa jikoni. La hasha! Walisema tu kwamba serikali kuu haikuwa na mamlaka ya kutunga sheria hiyo. Jambo lenyewe ni la majimbo. Bavaria haikungoja, ikaanzisha ruzuku yake.

Sasa vuka uende Ufaransa. Huko nyumba inayozungumzwa ni ya mlezi, si ya mzazi. Mlezi huyo (karibu wote ni wanawake) hupewa kibali na idara ya mkoa, nyumba yake hukaguliwa, husomea kazi hiyo kwa saa 120, na kwa kawaida haruhusiwi kulea zaidi ya watoto 4 kwa wakati mmoja. Mzazi ndiye mwajiri wake kwa mkataba wa maandishi, na mfuko wa umma wa kusaidia familia humsaidia mzazi kulipa. Kwa lugha ya harusi yetu, hapa serikali inamchangia mpishi wa mtaani, lakini inakagua masufuria kwanza.

Na yule mama wa uswahilini kwetu, anayeachiwa watoto alfajiri kwa malipo ya siku? Huyo hana kibali cha Kifaransa wala marejesho ya Kifini. Ndugu yake wa karibu yuko Kolombia, anaitwa "madre comunitaria", mama wa jamii, ambaye tangu miaka ya 1980 amekuwa akilea watoto kumi na kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe chini ya mpango wa serikali. Serikali ilileta chakula na posho, ila kwenye makaratasi mama huyo aliandikwa kuwa mtu wa kujitolea. Mkataba wa ajira wenye kima cha chini cha mshahara ulianza kumfikia mwaka 2014, wakati baadhi ya watoto aliowalea mwanzoni walikuwa wameshazaa wa kwao.