Pwani Zilizoachwa Wazi: Kuisoma Ramani ya Uholanzi Mpya

Ninapofundisha usomaji wa ramani za kale, huanza kwa kuweka mezani nakala mbili. Ya kwanza ni ramani ya dunia ya Abraham Ortelius, iliyochapishwa Antwerp mwaka 1570, ambayo upande wake wote wa chini umejazwa na bara kubwa lililoandikwa kwa Kilatini kuwa ni nchi ya kusini isiyojulikana bado. Ya pili ni ya Joan Blaeu wa Amsterdam, ya mwaka 1659, inayoonyesha visiwa vya mashariki pamoja na nchi iliyoitwa Uholanzi Mpya, yaani Australia ya leo. Nikiuliza ni ipi yenye elimu zaidi, wanafunzi wengi huichagua ya Ortelius, kwa sababu pwani yake imezunguka na kukamilika, ilhali karibu pwani yote hiyo ilikuwa haijaonwa na mchoraji wala na baharia yeyote aliyempa habari.

Wanazuoni wa Ulaya walikuwa wamerithi fikra ya kale kwamba nchi kavu ya kaskazini haina budi kuwa na nyingine kusini ya kuisawazisha. Baharia Magellan alipoiona Tierra del Fuego, nchi iliyo ncha ya kusini ya Amerika, mwaka 1520, wachoraji wakaichukua kuwa ncha ya bara hilo.

Pwani ya kweli ilichorwa kwa njia nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapopenda kukaa kwa muda. Mwaka 1611 nahodha Hendrik Brouwer alionyesha kwamba merikebu itokayo Rasi ya Tumaini Jema hufika Java upesi zaidi ikisukumwa kwanza na pepo kali za magharibi moja kwa moja mbali kuelekea mashariki, kisha ikapinda kaskazini. Tatizo lilikuwa kujua mahali pa kupinda. Latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, ilipimwa kwa jua, lakini longitudo, yaani umbali wa kwenda mashariki au magharibi, ilikadiriwa tu kwa mwendo wa chombo, kwa hiyo aliyechelewa kupinda alijikuta mbele ya nchi asiyoitarajia. Ndivyo Dirk Hartog alivyofika pwani ya magharibi ya Australia mwaka 1616 kwa merikebu Eendracht, akaacha sahani ya madini iliyopigiliwa kwenye nguzo. Manahodha walitakiwa kukabidhi kumbukumbu za safari zao kwa Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, na huko Amsterdam mchoraji wa Kampuni, Hessel Gerritsz, aliunga kipande kwa kipande. Ndiyo maana pwani ya magharibi ilisomeka kama orodha ya vyombo: Nchi ya Eendracht, Nchi ya Leeuwin.

Blaeu alipoyakusanya hayo yote, pamoja na safari za Abel Tasman za 1642 na 1644, hakuficha mapengo. Kusini amechora kipande cha pwani ya Tasmania ambacho Tasman alikiona, kisha mstari umekatika. Upande wa mashariki wa bara hamna mstari wowote. Kwangu mimi, kalamu iliyosimama pale ushahidi uliposimama ina thamani kuliko rasi zote za Ortelius. Ilimwambia nahodha aliyefuata ni wapi hasa pa kwenda kutazama. James Cook aliifuata pwani ya mashariki mwaka 1770, na safari ya George Bass na Matthew Flinders ya 1798 hadi 1799 ikathibitisha kwamba Tasmania ni kisiwa.

Hata hivyo, sehemu nyeupe katikati ya ramani isisomwe kuwa nchi tupu. Wenyeji wa bara hilo wameishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka, na Willem Janszoon, aliyefika Rasi ya York mwaka 1606 akidhani yuko New Guinea, alikutana nao na kupigana nao. Flinders alipolizunguka bara zima mwaka 1802 na 1803 kwa merikebu Investigator, safari iliyozaa ramani ya 1814 yenye mstari uliofungwa hatimaye, alifuatana na Bungaree, mwenyeji wa Broken Bay karibu na Sydney. Bungaree ndiye aliyetangulia kushuka pwani kusema na watu, ijapokuwa mara nyingi lugha yao haikuwa yake.