Je, wajua kwa nini fidia ya ukame kwa wafugaji hulipia nyasi, si ng'ombe aliyekufa?

Kiangazi kikikaza Gilgil, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, malori yaliyosheheni marobota ya nyasi huanza kupishana barabarani. Robota moja la Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, lina kilo 15 hivi. Ng'ombe wa kilo 400 hula karibu kilo 10 za malisho makavu kwa siku. Piga hesabu ya miezi mitatu: marobota 60 kwa ng'ombe mmoja. Mwenye kumi anahitaji mia sita, na hapo ndipo wengi huanza kuuza mifugo kwa bei ya kutupa.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha jibu. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010 na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ililipa kwa kukadiria vifo. Lakini mzoga haununuliwi nyasi. Serikali ya Kenya ilipozindua mpango wake Oktoba 2015, kuanzia Turkana na Wajir, malipo yalifungwa kwenye upungufu wa malisho, ili pesa zimfikie mfugaji ng'ombe angali amesimama. Serikali ndiyo iliyolipia bima ya kaya zilizochaguliwa, hadi ng'ombe watano kwa kaya. Mbuzi kumi huhesabiwa sawa na ng'ombe mmoja.

Nani hupima nyasi hizo? Setilaiti. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha juu kwa wingi miali ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Jani lililokauka halifanyi hivyo. Setilaiti hulinganisha aina hizo mbili za mwanga, ikapata kiwango cha ukijani wa eneo zima, kisha kiwango hicho hupimwa dhidi ya misimu ya miaka iliyopita. Kikishuka chini ya mstari uliowekwa, wote wenye bima eneo hilo hulipwa, bila afisa kuzunguka akihesabu mizoga.

Marekani nayo hutenganisha mambo haya mawili. Upo mfuko wa mifugo iliyokufa, na upo wa malisho yaliyokauka, ambao hufuata ramani ya ukame inayotolewa kila wiki na hulipa asilimia 60 ya gharama ya chakula cha mifugo iliyokadiriwa kwa mwezi.

Udhaifu upo, na unauma. Setilaiti huona kijani, haijui kinacholika. Kichaka cha mathenge, mti wa miiba, kule Marigat hubaki kibichi wakati nyasi zimekwisha, na maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Tena malipo hufuata wastani wa eneo: mvua ikinyesha kwa majirani ikakuruka wewe, huenda usipate kitu.

Ndiyo maana pia kipimo hiki hufaa zaidi mbuga pana za wafugaji kuliko Nakuru, ambako malisho yamebanana na mahindi, na kutoka angani shamba la mahindi husomeka kama malisho mazuri. Kwa hiyo mfugaji wa Gilgil au Solai hukata nyasi mapema mvua ikipumzika, huzipanga juu ya mbao zisishike unyevu wa ardhi, kisha huhesabu: sitini za huyu, sitini za yule.