Kondo la nyuma: lini ni plasenta, lini ni zalio?

Mama mwenye mimba ya miezi mitano anatoka chumba cha altrasaundi na karatasi mkononi. Ameambiwa kondo la nyuma limeshika ukuta wa mbele. Anamsimulia shangazi yake, na shangazi anashangaa: kondo la nyuma si lile linalotoka mtoto akishazaliwa? Sasa hili la mbele limetoka wapi?

Hakuna aliyekosea. Kiswahili chetu kimelibebesha neno moja mizigo miwili.

Karatasi ile inazungumzia plasenta, yaani kiungo kinachoota pamoja na mimba na kushika kwenye ukuta wa mji wa uzazi. Kushika mbele au nyuma ni kawaida tu. Kupitia hapo mtoto hupata oksijeni na chakula, na taka zake hurudi kwa mama. Wengi hudhani damu zao huchanganyika. Hapana: zinapita jirani, katikati pana utando mwembamba mno. Kiungo hicho hutengeneza homoni pia, na ile hCG, homoni inayonaswa na kipimo cha mimba cha mkojo, hutokana na chembe zinazokuja kuijenga plasenta. Jina lenyewe ni la Kilatini, lenye maana ya keki bapa. Mwitaliano Realdo Colombo alilitumia katika kitabu chake cha anatomia cha mwaka 1559. Hakukosea. Mimba ikitimia, plasenta ni kama chapati nene ya upana wa sentimita 22 hivi na uzito wa karibu nusu kilo.

Shangazi naye anazungumzia zalio. La nyuma, kwa sababu linamfuata mtoto. Hapo plasenta imekwisha kazi, imebanduka, na haitoki peke yake: inakuja na utando wa ile chupa ya maji iliyopasuka, pamoja na kipande cha kitovu kilichobaki baada ya kukatwa. Kwa hiyo plasenta ni sehemu ya zalio, ingawa ndiyo sehemu kubwa.

Mkunga anaijua tofauti hii kwa mikono. Zalio likitoka hulitandaza, akaugeuza upande uliokuwa umeshika kwa mama, wenye mafungu mafungu, aone kama kuna pengo. Kisha huuinua utando kuona kama umechanika na kubaki. Plasenta inaweza kuwa nzima lakini zalio likawa pungufu, kwa sababu kipande cha utando kimebaki ndani. Kilichobaki, kiwe cha plasenta au cha utando, huweza kuuzuia mji wa uzazi usijikaze vizuri na kuifunga mishipa ya damu, au kuleta maambukizi baadaye. Kwa kawaida zalio hutoka ndani ya dakika 30. Likichelewa zaidi ya hapo, au damu ikimwagika kwa wingi hata kabla, ni dharura ya hospitali, na kitovu kisivutwevutwe na mtu asiyefundishwa.

Majina ya matatizo nayo hufuata mpaka huo huo. Plasenta ikikaa chini na kuziba mlango wa uzazi, hilo ni tatizo la ujauzito, na dalili yake kubwa ni kutokwa damu bila maumivu, hasa miezi ya mwisho. Watu husema "kondo la nyuma limetangulia", maneno yanayopigana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana mimi ningesema plasenta ikiwa bado kazini, na zalio ikishatoka. Kamusi zinalo neno hilo, ni sisi tu tuliolisahau.

Kitovu kinachozikwa nyumbani, kile tunachokitaja tukisema "hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu", hakimo katika zalio. Ni kile kikonyo kilichobaki tumboni kwa mtoto, kikakauka na kudondoka baada ya wiki moja au mbili.