Ni Leta ao ni sentineli?

Mama mmoja wa Kenya (komini yetu hapa Lubumbashi, si nchi) alikuja ofisini kwangu asubuhi. Mtoto wake amefungwa Marekani kwa ajili ya karatasi, na kwenye simu alimwambia kwamba walinzi wao wamevaa sare ya kampuni. "Maître, huyu anamushika mutoto yangu, njo Leta ao ni sentineli?"

Nimeshughulika na kesi za wahamiaji miaka mingi, na sijawahi kuulizwa swali lililonyooka namna hiyo. Kwetu Leta ni serikali, na sentineli ni mlinzi wa kukodiwa. Nilimjibu: ni sentineli, ila Leta ndiyo imemkodi.

Karibu tisa kati ya kila watu kumi wanaofungwa na idara ya uhamiaji ya Marekani wako katika majengo yanayoendeshwa na kampuni. Kubwa ni mbili, GEO Group na CoreCivic. Hii ya pili ilianzishwa 1983 kwa jina Corrections Corporation of America, na kazi yake ya kwanza ilikuwa wahamiaji wa Houston. Jengo halijakamilika, wakawafungia kwanza katika moteli.

Wengi wanafikiri ubaya uko kwa walinzi. Mimi nasoma mikataba, na huanzia kwenye ukurasa wa malipo. Mikataba mingi inaweka idadi ya vitanda ambavyo serikali italipia hata visipolaliwa. Mwaka 2021 wakaguzi wa Bunge la Marekani walionyesha kwamba mamilioni ya dola yalikuwa yakilipia vitanda vitupu. Sasa, ukishalipia viti vyote vya taksibisi ya Kasumbalesa, utasimama barabarani kuita watu. Na ndani ya jengo, kampuni inatafuta faida kwenye matumizi. Huko Tacoma, jimbo la Washington, waliofungwa na GEO walikuwa wakipika na kusafisha kwa dola 1 kwa siku, mpaka baraza la wazee wa mahakama lilipoamua, 2021, kwamba GEO iwalipe zaidi ya dola milioni 17 za mishahara.

Mtu akiumizwa, amshitaki nani? Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa, 2001, kampuni ya gereza la serikali kuu ishitakiwe moja kwa moja kwa kuvunja katiba. 2012 ikafunga mlango huo hata kwa wafanyakazi wake. Serikali nayo, kwa sheria yake yenyewe, haibebi uzembe wa mkandarasi. Inabaki sheria ya jimbo, na majimbo hayafanani.

Uingereza si tofauti sana. Jimmy Mubenga, jirani yetu wa Angola, alikufa Oktoba 2010 ndani ya ndege pale Heathrow, akishikiliwa na walinzi watatu wa kampuni ya ulinzi G4S waliokuwa wakimrudisha kwao. Mwaka 2013 baraza la uchunguzi lilisema aliuawa kinyume cha sheria. Mwaka 2014 mahakama iliwaachilia wote watatu.

Kuzuia kumejaribiwa. California ilipiga marufuku magereza ya kampuni 2019. Mahakama ya rufaa ikaizuia 2022, kwa kuwa jimbo haliwezi kuipangia serikali kuu namna ya kufanya kazi yake. New Jersey iligonga ukuta huohuo 2025. Amri ya Rais Biden ya Januari 2021 iligusa magereza ya wizara ya sheria tu na kuwaacha nje wahamiaji, kisha Trump akaifuta siku aliyorudi madarakani. Kwa hiyo kizuizi chenye nguvu lazima kitoke kwa Bunge lenyewe, linalotoa pesa.

Nisieleweke vibaya: mtu wa Leta naye anaweza kukutesa, na sisi tunaovuka mipaka hatuhitaji kufundishwa hilo. Lakini ameapa, na ana mkubwa ambaye mbunge anaweza kumwita na kumuuliza. Ndiyo maana ningefuta kwanza malipo ya vitanda vitupu. Pingu, nguvu, chumba cha upweke na safari ya kumrudisha mtu kwao vibaki mikononi mwa aliyeapa. Kampuni ipike, ifue, itengeneze mabomba. Hapo sina ugomvi nayo.

Barua ya malalamiko ya yule mama tuliiandika tukaielekeza kwa Leta. Kampuni ilipata nakala tu.